Mgeni wa Siku ya Tatu: Tanga, Eckernförde na Kazi ya Miji Rafiki

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, habari za jioni. Wanafunzi, karibuni sana, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu ziara za kubadilishana wageni kati ya Tanga na miji rafiki, kwa sababu tunajiandaa kupokea kundi jingine na nyumba za kuwapokea bado hazijatosha. Mimi nilifundisha jiografia sekondari hapa mjini, na tangu nistaafu nimo katika kamati ya urafiki, upande wa mapokezi. Hotuba za mameya na mikataba yao nawaachia wenyewe. Mimi nimekuja na habari ya siku ya tatu ya mgeni, na nitafika huko baada ya kupitia historia kidogo.

Urafiki wetu na Eckernförde, au Ekenfode kama tunavyoutamka, ulianza mwaka 1963. Wengi wenu jina hilo mmelijua kwa ile shule ya sekondari hapa Tanga inayoitwa hivyo, na nimekutana na vijana wanaodhani ni jina la mtu. Ni mji. Uko kaskazini kabisa mwa Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein, kwenye ghuba ya Bahari ya Baltiki. Una watu kama 22,000. Sisi tunakaribia laki nne, kwa hiyo mji mzima ule ungeenea katika kata zetu mbili.

Sasa ifikirini Tanga ya 1963. Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, miaka 47 tu nyuma. Kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati ule, sasa alikuwa mzee wa miaka 62, mzima, anakaa barazani Ngamiani. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alisoma kidogo katika shule ya serikali ya Wajerumani, mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka anakufa, na kila alipotaja hamsa ishirini, ile adhabu ya viboko 25, alishusha sauti. Wazee kama yeye ndio walioambiwa kwamba Mjerumani anarudi, safari hii kama rafiki. Nyumbani tunasimuliwa kuwa jibu la babu lilikuwa hili: "Aje na mkewe na watoto, akae, tumwone anavyokula."

Nimelibeba neno hilo maisha yangu yote, na baadaye nilipoanza kusoma historia ya miji rafiki nikakuta huko Ulaya nako watu walikuwa wamefikia jambo hilo hilo, tena wao kwa wao. Mnamo 1950 mji wa Montbéliard nchini Ufaransa na mji wa Ludwigsburg nchini Ujerumani vilifungua urafiki, miaka mitano tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Meya wa Montbéliard, Lucien Tharradin, alikuwa amefungwa na Wajerumani katika kambi ya Buchenwald. Mtu aliyetoka kambini akawa wa kwanza kupokea wageni kutoka upande wa waliomfunga. Tarehe 22 Januari 1963 Rais de Gaulle wa Ufaransa na Kansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi wakatia saini mkataba wa urafiki wa nchi zao, na mwaka huo huo wakaunda ofisi ya pamoja ya vijana. Tangu hapo vijana zaidi ya milioni 9 wamekwenda na kurudi. Angalieni mwaka: ni ule ule wetu.

Na kabla ya hapo, vita vikiwa bado vinapiganwa, kulikuwa na wanawake wa Coventry, Uingereza. Mji wao ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu mwaka 1940. Waliposikia yaliyoupata vitani mji wa Stalingrad, Urusi, zaidi ya 800 kati yao walitarizi majina yao kwenye kitambaa cha meza, kila mmoja akatoa peni sita, wakavituma. Katikati ya kitambaa walitarizi maneno yanayosema kwamba msaada mdogo ni bora kuliko masikitiko makubwa. Kina mama mnaojua kutarizi, hebu fikirieni majina 800 kwenye kitambaa kimoja, mji wenyewe ukiwa magofu. Mwaka 1944 miji hiyo miwili ikafungua urafiki rasmi.

Urafiki wetu sisi ulijaribiwa mapema. Mwaka 1965, ulipokuwa na umri wa miaka miwili, serikali zetu ziligombana. Tanzania iliruhusu Ujerumani Mashariki iwe na ofisi ya konseli Dar es Salaam, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikakasirika na kukata misaada ya kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na misaada mingine iliyobaki. Eckernförde ilikuwa upande wa Bonn. Lakini mpaka leo tunatembeleana. Mimi naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko majengo yote tuliyowahi kujengewa, na ningependa watoto wetu wafundishwe.

Tuna marafiki wengine pia. Tangu 2001 tuna Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, mji ambao ulianza urafiki na Toledo ya Hispania mwaka 1931, wakati wengi duniani hawajalisikia neno hilo. Leo nitabaki na Eckernförde kwa kuwa huko ndiko nilikofika kwa miguu yangu.

Nilifika mwezi wa Septemba, nikapangiwa nyumba ya mama mmoja mjane, umri wa mama yangu. Kiingereza chake kidogo, Kijerumani changu hakuna. Siku ya kwanza alinionyesha chumba. Siku ya pili alinionyesha kanisa, bandari, na ufuo wao wa mchanga mweupe ambao watu walikuwa wamelala juani huku mimi nimevaa sweta mbili. Siku ya tatu asubuhi alinipa aproni ya plastiki. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye banda la kukaushia samaki kwa moshi, na alikuwa ameomba ruhusa kwa wenye banda niingie.

Samaki wenyewe ni wadogo, urefu wa kidole, ndugu wa dagaa kabisa. Wanatungwa mmoja mmoja kwenye vyuma vyembamba, wanaosha, wanaacha maji yachuruzike, kisha wananing'iniza safu juu ya safu ndani ya tanuri la kuni. Wanatoka na rangi ya dhahabu. Mama akanieleza, kwa mikono zaidi kuliko maneno, jambo linalowauma watu wa pale mpaka leo: samaki hao dunia nzima huwaita samaki wa Kiel, ambao ni mji mkubwa wa jirani. Wenyewe husimulia kuwa zamani makasha yalipakiwa kwenye treni kupitia Kiel, yakapigwa muhuri wa stesheni ya Kiel, jina likapotea hivyo. Nikacheka, nikamwambia sisi pia tunayajua hayo, kuna vya Tanga vingi vinavyoitwa vya Dar es Salaam.

Kisha akanipa mmoja nile. Akasimama kunitazama. Nikamtia mdomoni mzima, kichwa na mkia, kama ninavyokula dagaa. Wafanyakazi wote wakapiga makofi, kwa sababu kumbe ndivyo anavyoliwa, na wageni wao kutoka kusini mwa Ujerumani hung'oa vichwa. Kuanzia saa ile mama yule hakunitambulisha tena kama mgeni kutoka Afrika. Alisema: huyu ni wa baharini.

Ndugu zangu, mnaijua methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisema kama kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi nawaomba tuisome kama heshima. Mgeni asiyepewa kazi anabaki kuangalia. Anapiga picha mapango ya Amboni, anapiga picha mnazi, anampiga picha mtoto wako, anaondoka. Jembe ndilo linalomwingiza ndani.

Kwa muda mrefu hapa kwetu tumekosea. Tumewachukua wageni asubuhi kwa basi dogo, tumewapitisha shule nne na zahanati tatu kwa siku moja, kila mahali ngoma, risala na soda, na mwisho wa risala orodha ya mahitaji: madawati, matundu ya vyoo, kompyuta. Nimeziandika risala hizo mwenyewe, najua. Mgeni anaondoka akidhani Tanga ni orodha. Na kuna mwaka ambao rafiki zetu fulani, kwa nia njema kabisa, walituletea kompyuta kwenye kontena. Nyingi hazikuwaka. Aliyezituma hakuwahi kukaa nyumbani kwa mtu hapa akajua umeme wetu unavyopanda na kushuka, na sisi tuliopokea tuliona haya kusema. Tulipiga picha ya pamoja na kompyuta mbovu. Laiti mtu mmoja tu kati yao angelala Makorora wiki mbili!

Tukabadili utaratibu. Kijana mmoja alikuja, mwanafunzi, miaka 19. Siku ya tatu tulimkabidhi kwa fundi baiskeli Ngamiani. Tanga ni mji wa baiskeli, na kwao nako kila mtu ana baiskeli, lakini alikuwa hajawahi kuziba pancha, kwao hubadilisha tyubu nzima. Fundi alimkalisha kwenye kigoda, akamwekea karai la maji. Akamwonyesha kujaza tyubu upepo, kuipitisha majini polepole, kungoja vipovu, kubana tundu kwa kidole lisipotee, kukausha, kukwangua kwa msasa mpaka mpira upoteze mng'aro, kupaka gundi na, hapa ndipo alipokosea mara tatu, kungoja gundi ikauke kabla ya kubandika kiraka. Kiraka chenyewe kilikatwa kwenye tyubu chakavu. Wiki moja alikaa pale. Alijifunza Kiswahili ambacho mimi mwalimu nisingemfundisha, mengine ilibidi nimkataze kuyasema mezani. Alipoondoka, fundi alimpa kopo la gundi. Miaka imepita, sasa ni baba wa watoto, na kila Idi anampigia fundi simu, si mimi.

Na sisi tunapokwenda kwao, tupewe jembe vilevile, na twende na letu. Mwalimu mwenzangu alipokwenda alibeba kamba ya mkonge ndani ya sanduku. Akaingia darasani Eckernförde, akaishika juu, akawauliza watoto imetoka wapi. Wakasema Afrika. Akawaambia kwanza imepita kwenu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikasafirishwa kupitia Hamburg, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Mashamba yote ya mkonge yaliyofuata hapa, na jasho lote la manamba waliotolewa mikoa ya mbali kuja kukata majani yale yenye miiba, yalianzia kwenye miche 62. Darasa likanyamaza. Bandari ya Hamburg wote wanaijua, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia habari hiyo. Alikwenda kama mwalimu, akafundisha.

Ipo kero moja siwezi kuipita. Wageni kutoka Ulaya hupata viza ya kuja kwetu kwa urahisi. Vijana wetu hawapati hivyo. Safari moja tuliandaa kundi la vijana, barua za mwaliko zipo, nyumba za kufikia zipo, nauli imechangwa. Binti mmoja, aliyekuwa amejifunza lugha ya wenyeji wake mwaka mzima, alinyimwa viza, maelezo yakiwa kwamba hakuna uhakika atarejea. Ana mama mgonjwa anayemuuguza, angekwenda wapi? Alikuja nyumbani kwangu na daftari lake la msamiati, akaliacha mezani akaenda. Bado ninalo. Kubadilishana ambako upande mmoja unakuja na mwingine unangoja dirishani hakujakamilika, na tumewaandikia wenzetu wa upande wa pili wasimame nasi kwenye jambo hili kabla ya jingine lolote. Wamekubali kuanza maombi miezi sita mapema na kuambatanisha barua ya familia mwenyeji kwa kila kijana. Binti tumemuweka wa kwanza kwenye orodha.

Kwa hiyo, kundi linalokuja. Ni watu 12, wiki mbili. Tuna nyumba saba. Hatutafuti nyumba ya vigae wala kiyoyozi. Tunataka chandarua, choo safi, maji ya kuoga hata ya ndoo, na mtu mzima ndani ya nyumba. Kamati italipia nauli zao za mjini. Chakula ni chako, wale unachokula. Msiwapikie chipsi kila siku kwa kuwahurumia. Wapeni bada, wapeni mchicha wa nazi, wakishindwa watasema.

Na kila atakayejiandikisha, katika daftari la katibu kuna safu tatu. Ya kwanza jina na mtaa. Ya pili idadi ya vitanda. Ya tatu tumeandika "kazi", na hiyo ndiyo naomba muijaze kabla hamjatoka ukumbini: mgeni wako siku ya tatu atafanya nini, na nani. Mama wa Sahare ameshaandika kwamba wake atakwenda naye Deep Sea saa kumi na moja alfajiri kupokea ngalawa. Mzee wa Chumbageni ameandika cherehani. Kalamu iko hapo, imefungwa kwa uzi.