Mgonjwa achote sukari mwenyewe: kazi na mafunzo ya mtaalamu wa lishe ya tiba

Wazee wetu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Mgonjwa wa kisukari akitoka kliniki ameambiwa tu "punguza wanga", hajaambiwa kitu. Hapa Mtwara wanga ni ugali wa muhogo, ni wali wa nazi, ni chapati ya asubuhi. Apunguze kipi, kwa kiasi gani, ashibe na nini? Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa lishe ya tiba inapoanzia.

Muulize alichokula saa 24 zilizopita. Ukimuuliza "huwa unakula nini?" atakutajia anachodhani unataka kukisikia. Anza alipoamka, mfike alipolala, kisha rudieni upya: kati ya chai na mchana hukutafuna korosho? Dafu je? Halafu mpe bakuli la sukari na kijiko, achote kama nyumbani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Akikijaza mpaka sukari inamwagika pembeni, hufika 6. Vijiko 3 vya namna hiyo, vikombe 3 kwa siku, ni gramu 54. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku. Na faili lake limeandikwa "hatumii soda"!

Mgonjwa wa figo ni hesabu nyingine. Potasiamu, madini ambayo figo mgonjwa hushindwa kuyatoa, ikipanda kwenye damu, muhogo umenywe, ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Wengi huchemsha vizuri, kisha wakatia nazi kwenye maji yale yale. Potasiamu yote imebaki sufuriani. Korosho nazo zina potasiamu na fosforasi nyingi, ila bila majibu ya damu usimnyime mtu korosho zake.

Shahada ya lishe inasomwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na vyuo vingine. Uingereza jina la mtaalamu wa lishe ya tiba (dietitian) linalindwa kisheria. Marekani, tangu 2024, anayetaka kufanya mtihani wa usajili lazima awe na shahada ya uzamili. Bayokemia haikwepeki, lakini mie naona tunapungukiwa jikoni: kijana anachora mzunguko wa Krebs, yaani hatua za seli kupata nishati kutoka kwenye chakula, ubaoni, hajui kisamvu cha watu sita kinatiwa nazi ngapi. Atamshauri nini mama mpishi?

Baada ya wiki mbili mgonjwa arudi, achote tena, kwa kijiko kile kile. Ukibadilisha kijiko, hutajua kilichopungua ni sukari au ni kijiko.