Kufunga Bahari ni Kazi, Kufungua ni Kazi Zaidi

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama wa Feri, manahodha wa Kunduchi na Kigamboni, vijana wa chuo, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kurudisha samaki tuliowavua mpaka wakapungua. Wengi mnatarajia niseme tufunge bahari, yaani tuzuie uvuvi kwa muda. Nitasema, ila kwa kifupi, maana kufunga tunakujua. Kinachotushinda ni kufungua. Hapo ndipo subira ya miezi mingi huliwa kwa siku mbili.

Tuanze na pweza, kwa kuwa humu ndani wapo wanaomjua kuliko mimi. Pweza wa miambani haishi sana, ni mwaka mmoja na kidogo. Lakini akiwa mdogo anakua upesi ajabu: ndani ya wiki chache uzito wake unaweza kuwa maradufu. Jike akishataga anajifungia pangoni, anaziba mlango kwa vijiwe, anayapepea mayai kwa maji usiku na mchana, hali kitu, na yakishaanguliwa anakufa. Anazaa mara moja tu. Ukimchokoa kabla hajataga, umemtoa yeye na uzao wake wote. Ndiyo maana kufunga mwamba miezi mitatu hivi kunamfaa pweza. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilianza hivyo mwaka 2004, na Kisiwa Panza kule Pemba nao wamefunga miamba yao.

Sasa ifikirieni siku ya kufungua. Habari imeshaenea. Bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, limefika, maji yamekupwa, mwamba umejaa watu: wenyeji waliosubiri, na wageni ambao hawakusubiri hata siku moja. Kila mtu ana mti wake wa kuchokolea. Wachuuzi wameshashusha barafu ufukweni. Wanatoka pweza wakubwa, wa kilo mbili, wa kilo tatu, na kila mtu anafurahi. Kufika mchana bei imeanguka, kwa sababu wote wamefikisha mzigo saa ileile. Bamvua la pili likipita, mwamba umerudi palepale ulipokuwa. Mama aliyevumilia miezi mitatu amepata sawa na kijana aliyeshuka kwenye bodaboda asubuhi ile. Msimu ujao ukimwambia avumilie tena, atakuuliza anavumilia kwa faida ya nani. Ana haki kabisa ya kuuliza.

Na huyo ni pweza, aliye mwepesi kurudi. Chewa ni habari nyingine. Chewa wetu wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Mvuvi anayechagua wakubwa, kwa mshipi au kwa bunduki ya kuzamia, anapunguza madume bila kujua. Huyu anahitaji miaka. Ukimfungia miezi mitatu umempa nafasi ya kunenepa tu, halafu unakuja kumvua. Kwa hiyo nawaomba wenye miradi: muda wa kufunga utoke kwenye umri wa samaki, usitoke kwenye mwaka wa fedha wa mfadhili.

Kanada walilijua hili kwa uchungu. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilisimamisha uvuvi wa kibiashara wa cod, yule samaki wa maji baridi aliyekilisha kisiwa cha Newfoundland kwa karne kadhaa, yule anayekaushwa kwa chumvi. Watu kama 30,000 wakakosa kazi. Waliambiwa ni miaka miwili. Ikawa zaidi ya thelathini. Samaki yule hukawia kupevuka, wakubwa walikuwa wameshakwisha, na samaki wadogo anaowala nao wakapungua. Mwaka 2024 serikali ilipotangaza kufungua, kwa kiwango cha tani 18,000, siku hiyohiyo ugomvi ukaanza: wavuvi wa pwani wakalalamika kwamba meli kubwa za bahari kuu nazo zimepewa fungu. Miaka yote ile, na swali la nani aingie kwanza bado halijakubaliwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa ghuba ya Chesapeake, Marekani. Jimbo la Maryland lilifunga uvuvi wa samaki mmoja mwenye mistari ubavuni, aitwaye striped bass, mwaka 1985. Walikubaliana kuwalinda hasa waliozaliwa 1982, mpaka karibu majike wote wa rika lile wawe wametaga walau mara moja. Na jambo ambalo ningependa mlishike ni hili: kipimo cha kufungua kiliandikwa mapema. Kila mwaka wataalamu walivuta wavu mdogo kandokando ya mito wakahesabu vifaranga. Wastani wa miaka mitatu ukifika vifaranga wanane kwa kila wavu unaovutwa, wanafungua, usipofika, hawafungui. Hakuna mwanasiasa wa kwenda kumbembeleza. Ulifika 1989. Mwaka 1990 wakafungua kidogo kidogo, na 1995 samaki yule akatangazwa kuwa amerudi.

Kwetu Dar tuna tatizo moja la ziada. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na baruti imekatazwa kisheria tangu 1970. Hata hivyo maji ya karibu na jiji hili yalikuwa miongoni mwa yaliyopigwa mabomu zaidi nchini, mpaka operesheni za kuanzia 2015 zilipopunguza milipuko. Bomu likilipuka matumbawe yanabaki vifusi. Kusi ikivuma, vifusi vinabingirika, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kinachobingirika. Pale hata ukifunga miaka kumi, changu hana pa kurudi. Maoni yangu, na najua wapo wasioyapenda, ni kwamba tuanze na miamba ambayo bado ni hai. Iliyokufa tuiombee fedha za kuitengeneza, ila tusiwadai wavuvi subira juu yake.

Kuna suala la riziki pia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na uamuzi ule niliuunga mkono. Lakini mchuuzi wa dagaa na mbeba mizigo hawamo kwenye leseni yoyote, nao wanakula kila siku.

Kwa hiyo viongozi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi wa ufukweni, mlioko humu, kabla hamjapiga kura ya kufunga mwamba, andikeni kwanza ukurasa wa kufungua. Andikeni ni dalili gani itakayofungua: urefu wa changu wanaopimwa hapo mnadani, au uzito wa pweza. Andikeni nani ataingia bamvua la kwanza na kwa zana gani, kwamba waliosubiri wana siku zao kabla ya wageni, na kwamba mzigo utatoka kwa zamu ili bei isimezwe. Sehemu ndogo ya mwamba ibaki imefungwa moja kwa moja, wakubwa watagie humo. Ukurasa huo usomwe mbele ya kijiji, watu wabishane nao, ndipo mpige kura.

Nakaribisha maswali. Naomba tuanze na kina mama waliokaa nyuma, maana kuhusu pweza nimesema mengi nao bado hawajasema.