Aliyezuia ndoana si besi, ni plastiki yako
Mazungumzo na wavuvi wa fimbo, Naivasha

Hamjambo tena, ndugu zangu. Wengi wenu mlinisikia hapa hapa msimu uliopita, kwa hiyo sitaanza na habari za besi, huyu samaki wetu mwenye domo kubwa, alivyoletwa kutoka Marekani mwaka 1929, wala za wale kamba wekundu wa Louisiana waliotiwa ziwani 1970 wakawa chakula chake. Hayo mnayajua. Nina neno moja, nimelisema mara nyingi, na nitaendelea kulisema mpaka nisisikie tena ile kauli ya gatini kila Jumapili jioni: “Alidonoa, akaachia.”

Nani amewaambia besi anadonoa? Ngege anadonoa. Besi hufungua lile domo kwa ghafla, maji yakaingia kwa kasi na kila kilicho mbele yake, kisha maji yakatokea kwenye matamvua na chambo kikabaki ndani. Ule mguso mmoja unaousikia kwenye fimbo, kama mtu amekugonga bega kwa kidole, ni chambo kikiingia kinywani. Nyungunyungu wako wa plastiki alikuwa ndani mzima, na ndoana ilikuwa ndani pamoja naye. Basi msiniulize kwa nini besi aliachia. Niulizeni kwa nini ndoana iliyokuwa kinywani mwake haikuingia popote.

Mwaka 2020, maji yalipopanda yakaizamisha migunga ya ufukweni, mnakumbuka vile vigogo vilivyobaki vimesimama majini. Nilikwenda pale asubuhi na mashua ya makasia, na nyungunyungu wanene wa inchi tano, wale wenye mwili kama kidole gumba. Ndoana zangu zilikuwa namba 1/0, ndogo kuliko 3/0 au 4/0, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo sandukuni. Nilivaa chambo kwa mtindo wa Texas kama mnavyofanya nyote: chubwi mbele, ncha imefichwa ndani ya plastiki ili isikamate matawi. Kufika saa tatu nilikuwa nimeguswa mara saba. Nikavuta mara saba. Sikupata hata mmoja. Kila mara uzi unakaza, uzito nausikia, halafu pwaa, chambo kinarudi.

Nilikaa juu ya mashua nikamtazama yule nyungunyungu badala ya kumlaumu samaki. Alikuwa amejikunja wote kwenye mpindo wa ndoana, amejaa pale kama uji kwenye kijiko, na ncha ya ndoana haionekani. Nikambana kati ya vidole viwili, kwa nguvu, kama besi anavyobana, nikavuta uzi. Ndoana ikateleza ikatoka na plastiki yake bila kunigusa ngozi. Nikabana tena, nikavuta tena. Vidole vyangu havikuchomwa hata mara moja. Sasa niambieni, ikiwa ndoana haiwezi kumchoma mtu aliyeishika mkononi, itamchoma vipi samaki aliye umbali wa mita ishirini, chini ya gugumaji?

Hapa ndipo pote palipo na shida. Tazameni hii ndoana. Kuna shina, kuna ncha, na kati yake kuna nafasi. Nafasi hiyo ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kwanza kumpokea nyungunyungu anaposukumwa chini, pili kubaki na uwazi wa kutosha kushika nyama ya mdomo. Mwili wa chambo ukiijaza nafasi yote, kazi ya pili haipo. Ncha inatoboa plastiki, inakwama, mdomo unafunguka, besi amekwenda zake.

Nataka mfanye hivi kabla ya kutoka nyumbani, si ziwani. Mvalishe nyungunyungu kwenye ndoana, kisha msukume kwa kidole ajikunje kwenye mpindo. Tazama kimebaki nini kati ya plastiki na ncha. Ikiwa hakuna nafasi kubwa kama unene wa chambo chenyewe, ndoana hiyo ni ndogo. Nyungunyungu mwembamba wa inchi nne anaweza kwenda na 1/0. Wa inchi sita wa kawaida, 3/0. Wale wanene wa inchi tano, 4/0 yenye nafasi pana kati ya shina na ncha. Vile vyambo vyenye makucha kama kamba, 4/0 au hata 5/0. Nimewasikia wanaosema ndoana kubwa inamtisha besi. Huyu ni samaki anayemeza kamba mwenye magamba na makucha yake yote. Chuma cha ndoana hakimtishi.

Mwingine ataniuliza, mbona usiache ncha wazi? Pale penye maji matupu, acha wazi, nakubali kabisa. Lakini nani kati yenu anavua maji matupu Naivasha? Tunarusha ndani ya matete, chini ya gugumaji, kwenye matawi ya migunga. Ncha wazi hapo inanasa mizizi kila mrusho. Fanya hivi: toboa mwili mzima mpaka ncha itokee upande wa pili, kisha irudishe kidogo tu chini ya ngozi ya plastiki, kama sindano iliyopita kwenye utando. Ilale pale. Inapita kwenye majani, lakini ukivuta inatoka bila kupasua kitu. Wengi wenu mnaizika ncha katikati ya nyama ya plastiki, halafu mnategemea nguvu za mkono zimalize kazi.

Na kuna wale wa chambo hai. Mzee mmoja alinisimamisha hapo nje akasema, “Mimi natumia kamba hai, sipotezi samaki.” Ni kweli, hapotezi, kwa sababu besi anammeza kamba mpaka tumboni. Ukitaka kumrudisha samaki huyo majini, mara nyingi unamrudisha maiti. Na nawaomba sana, msichukue kamba hao kwenye ndoo mkawapeleka maziwa mengine au mabwawa ya kwenu. Tumeona hapa walivyokula mimea ya chini ya maji. Plastiki ilibuniwa kwa sababu nzuri. Nick Creme wa Akron, Ohio, alitengeneza nyungunyungu wake wa plastiki 1949, na besi humshikilia huyo mnyama laini kinywani kwa muda kuliko anavyoshika chuma au mti. Muda huo ndio wako. Usiupoteze kwa ndoana isiyofaa.

Sasa, nguvu za mkono. Nimewaona mnavuta mpaka mashua inayumba. Siku moja tulifunga uzi wa nailoni kwenye mizani ya kuning'inia ya gatini, mwenzangu akaishika, nikaenda hatua thelathini na fimbo yangu. Nikavuta kwa nguvu zote, kama mnavyovuta ninyi. Mwenzangu akasema mshale haukufika hata kilo moja. Nikadhani anacheza. Tukabadilishana nafasi, nikaona kwa macho yangu. Nailoni inavutika, fimbo inapinda, na ikiwa uzi umelegea kidogo, nusu ya mwendo wa mkono wako inakwenda kuukaza tu. Tukarudia na uzi wa kusuka, ambao karibu hauvutiki, na kabla ya kuvuta nikazungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, mpaka nikausikia uzani. Mshale ukaruka.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na nauomba uwe tabia. Ukiguswa, inamisha fimbo kuelekea kwa samaki. Zungusha rili ukusanye ulegevu wote. Ukimsikia mzito, piga kwa ubavu, kwa mwendo mrefu wenye kasi kama wa kufagia. Msiinue fimbo juu kwa ghafla uzi ukiwa umelala kama kamba ya nguo. Mimi nimezaliwa pwani, nimefundishwa mshipi wa mkono, uzi unapita juu ya kidole cha shahada na kila kitu unakisikia hapo. Shikeni uzi kidoleni hivyo hivyo hata mkiwa na fimbo. Na utazameni pale unapoingia majini, maana mara nyingi besi anachukua akiogelea kuja kwako, hakuna mguso wowote, uzi unasogea pembeni tu.

Mnasubiri sekunde ngapi? Sipendi swali hili. Hakuna hesabu. Uzi ukikaza, piga. Akimeza sana kila mara, unachelewa.

Naona mwenzetu ananionyesha saa. Haraka basi. Breki ya rili: vuta uzi kwa mkono kabla ya kuanza, ukitoka kwa urahisi, kila pigo lako linaishia kwenye breki. Ncha: iburute kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu, ikikwaruza na kukwama ni kali. Mkiwa kwenye vigogo, ipimeni baada ya kila kukwama, mkabebe tupa ndogo. Ndoana nene inataka fimbo ngumu, nyembamba inataka fimbo laini, msizichanganye. Mkia ukirudi umekatwa, huyo ni ngege, hamieni pengine. Nilitaka kusema juu ya kuzuia chubwi isiteleze mbali na chambo, na juu ya rangi, lakini rangi inaweza kungoja.

Kabla hamjaondoka, masanduku yenu yaleteni hapa mezani. Nina mizani, nina ndoana 3/0 na 4/0, na kila mmoja atabana nyungunyungu wake mwenyewe kwa vidole vyake, avute, tuone kama atachomwa. Kijana wa fulana ya kijani, anza wewe.