Vipokezi vya Alfa-1: Vinakaa Wapi Ndani ya Misuli Laini?

Ndugu wasikilizaji, mgonjwa wa presha anayemeza prazosini anatibiwa kupitia misuli laini iliyozunguka mishipa yake ya damu. Noradrenalini, kemikali inayotolewa na neva, ikinasa kwenye kipokezi cha alfa-1, yaani protini ya seli inayoipokea, misuli hiyo hujikaza, mshipa husinyaa na presha hupanda. Prazosini huwahi nafasi hiyo, na msuli hulegea.

Sasa, kipokezi chenyewe kiko wapi? Mwaka 1905 John Langley wa Cambridge, akichunguza nikotini na kurare (sumu ya mimea inayolegeza misuli), alieleza kwamba lazima seli iwe na kitu kinachopokea dawa. Hakukiona. Kwa miongo mingi baadaye wanafamakolojia, yaani wachunguzi wa dawa, walining'iniza vipande vya mshipa, wakapima mkazo, mengine wakayakisia.

Katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Ian McGrath, Craig Daly na wenzao walitumia prazosini iliyofungwa rangi ya BODIPY. Rangi hiyo majini hufifia; dawa ikishanasa, hung'aa kijani ikimulikwa na leza ya buluu. Hadubini ya konfoka nayo hupiga picha ya tabaka moja moja na kuzuia mwanga wa tabaka nyingine, kwa hiyo unajua kama nukta inayong'aa iko kwenye utando wa nje wa seli au ndani kabisa.

Hapa naomba tusiharakishe, hasa ninyi wanafunzi. Kung'aa si ushahidi. Rangi hizi hupenda mafuta, na seli imejaa utando wa mafuta. Basi unachukua seli nyingine kama hizo, unazijaza kwanza dawa isiyo na rangi inayokamata kipokezi kilekile, ndipo unaweka ile yenye rangi. Mng'ao unaobaki hapo si wa kipokezi. Unautoa kwenye hesabu. Picha isiyo na jaribio hili mimi siiamini, hata ipendeze vipi.

Baada ya ukaguzi wa namna hiyo, nukta nyingi zilibaki ndani ya seli, si ukingoni tu. Kipokezi cha alfa-1 kina aina tatu: A, B na D. Katika seli zilizopandikizwa aina mojamoja, alfa-1B ilionekana zaidi juu ya utando, alfa-1D zaidi ndani, na alfa-1A pande zote mbili.

Kwa hiyo anayebuni dawa hawezi kuishia kuuliza inanasa kwa nguvu kiasi gani. Aulize pia kama inapenya utando, maana isiyopenya itakutana na sehemu tu ya vipokezi.