Miwani ya Jua Chomboni: Pesa Yako Inanunua Nini

Ndugu zangu, karibuni. Hapa mezani nina jozi mbili za miwani ya jua ya polaraizi, yaani ile inayokata mng'ao wa maji. Moja nimeinunua kwa bei ya chini, nyingine kwa bei iliyoipita ya kwanza mara kumi. Nikiwa kwenye usukani, kwa kazi ya kuona ndani ya maji, sioni tofauti kati yake. Ndilo lililonileta mbele yenu, kwa sababu nawajua watu wengi wanaokwenda majini bila miwani wakidhani kwamba miwani ya maana ni ya wenye nacho.

Tuanze na maji yenyewe. Mwanga wa jua hutetema pande zote. Ukishagonga uso wa maji na kurudi, sehemu kubwa ya ule unaorudi hutetema kwa ulalo, sambamba na maji. Mskoti David Brewster alieleza kanuni ya jambo hili mwaka 1815, na kwa maji hesabu yake inatoka hivi: jua likiwa nyuzi 37 hivi juu ya upeo wa macho, mng'ao unaorudi karibu wote ni wa ulalo. Ni jua la asubuhi iliyokwishapanda au la alasiri, saa ambazo wengi wetu tuko njiani.

Lenzi ya polaraizi ina utando unaofanya kazi kama uzio wa fito zilizosimama wima. Pitisha kamba katikati ya fito hizo uitikise juu na chini, wimbi litapita. Itikise kulia na kushoto, litakwama pale pale. Mng'ao wa maji ndio huo unaokwama. Miwani nyeusi ya kawaida haina uzio, ina giza tu: inapunguza mng'ao, na inapunguza vilevile fungu la mchanga, mwamba na kamba ya nyavu uliyokuwa unaitafuta kwa macho.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa fuwele za madini, vitu adimu. Mmarekani Edwin Land ndiye aliyebuni utando wa kutengeneza kiwandani, mwishoni mwa miaka ya 1920. Utando wa namna hiyo ndio uliomo kwenye jozi hii ya bei ya chini.

Sasa, kibandiko kinaweza kusema lolote. Niliwahi kununua jozi yenye kibandiko cha polaraizi, nikafika majini mng'ao uko vilevile. Tangu siku hiyo napima kabla ya kulipa. Tazameni: naweka lenzi ya jozi hii mbele ya lenzi ya jozi ile, zote zimekaa sawa, mwanga unapita. Nazungusha moja polepole hadi isimame wima... mnaona? Pamekuwa peusi tititi. Zisingekuwa za polaraizi zote mbili, giza hilo lisingekuja. Kama huna jozi ya pili, washa skrini ya kompyuta, vaa miwani, kisha laza kichwa upande huu na upande huu. Skrini ikififia mahali fulani, utando upo.

Jambo la pili naliomba mlishike kuliko yote. Polaraizi si kinga ya mionzi ya urujuanimno (UV), ile mionzi ya jua isiyoonekana inayodhuru macho. Ni kazi mbili tofauti. Lenzi nyeusi isiyozuia mionzi hiyo ni mbaya kuliko unavyodhani, maana gizani mboni hupanuka, na mionzi ikaingia kwa wingi. Tafuta maandishi ya UV400, yaani inazuia mionzi hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Lenzi isiyo na rangi kabisa inaweza kuzuia mionzi hiyo, kwa hiyo usipime kinga kwa weusi. Muuzaji wa miwani mwenye kipimo atakuhakikishia kwa dakika moja.

Weusi nao una namba. Namba 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, na kwa siku ya jua majini inatosha. Namba 4 ni nyeusi zaidi, na haifai kuendeshea gari, kwa hiyo ivue ukishafika nchi kavu.

Rangi ni suala la macho yako. Kijivu huacha rangi zilivyo, kahawia huonyesha vizuri zaidi kina kifupi. Mimi navaa kahawia.

Fremu iwe inayozunguka uso, kwa sababu mwanga wa majini huingia pembeni na chini, na fremu nyembamba ya mapambo inauacha upite. Lenzi ya polikaboneti, plastiki ngumu, ni nyepesi na haipasuki ovyo, ila huchubuka upesi. Ile ya kioo haichubuki kirahisi, lakini ni nzito, na ikidondoka majini inazama kama jiwe. Kwa vyovyote, funga kamba inayoelea. Halafu vaa miwani na utazame skrini ya chombo chako kabla hamjaondoka, kwani baadhi ya skrini hufifia kabisa ukizitazama kwa polaraizi.

Chumvi ikikaukia kwenye lenzi, usifute kwa shati. Punje zile ni kali, zinachora. Mwagia maji yasiyo na chumvi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Wala usiiache juu ya dashibodi juani, kwani joto hubandua utando na lenzi ikaota malengelenge.

Jozi hizi mbili naziacha hapa mezani. Njooni mzungushe wenyewe.