Sabu, mtoto wa banda la ndovu

Asanteni. Naomba taa zisiwashwe kwanza, nataka tukitazame tena kile kipande cha filamu, cha ufukweni. Mnamwona kijana kifua wazi, anahangaika na kizibo cha chupa. Kikitoka, moshi unapanda na jini anasimama hadi mawinguni, anainua unyayo amkanyage. Kijana anafanyaje? Anambishia: jitu kubwa namna hii litoke kwenye kichupa hiki? Sisadiki! Jini kapandwa na kiburi, anajirudisha ndani, na kizibo, pu! Sisi wa Alfu Lela Ulela tunaijua hila hiyo tangu utotoni. Lakini tazameni uso wa kijana anavyocheka. Kicheko kile hakifundishwi.

Huyo ni Sabu, mwigizaji. Filamu ni The Thief of Bagdad, ya 1940, na jini ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi. Waliianza Uingereza, vita vikawahamishia Marekani, na Sabu hakurudi tena kuishi Uingereza.

Alizaliwa 1924 Karapur, katika ufalme wa Mysore, kusini mwa India. Baba yake alikuwa mwendesha ndovu. Baba akafariki mtoto angali mdogo, akabaki kulelewa kwenye mabanda ya ndovu ya Maharaja, mfalme wa Mysore. Hapo ndipo watu wa mwongozaji Robert Flaherty walipomkuta, wakitafuta mtoto wa kuigiza katika filamu ya Elephant Boy. Wengine wangehitaji kufundishwa kumkaribia mnyama. Huyu alipanda shingoni kama wewe unavyopanda ngazi ya kwenu. Filamu ikatoka 1937, naye alikwisha kuvushwa bahari kwenda kuimalizia studio ya mtayarishaji Alexander Korda, karibu na London.

Mwaka uliofuata wakamvalisha nguo za mwana wa mfalme katika The Drum, mtoto mwaminifu kwa askari wa Kiingereza. Ilipofika Bombay watu waliingia barabarani kuipinga, kwamba ni kampeni ya wakoloni, na ikaondolewa. Binafsi sioni lawama gani ya kumtwika mvulana wa miaka 14. Ila tangu hapo alikuwa na sura mbili: kipenzi cha ng'ambo, na swali gumu nyumbani.

Akacheza Mowgli, yule mtoto wa msituni wa Jungle Book, 1942. Halafu studio ya Universal ikamtia kwenye mfululizo wa filamu za rangi pamoja na waigizaji Maria Montez na Jon Hall. Hizo tuzipite. Jangwa la kuchora, kisiwa cha kuchora, na Sabu daima ni rafiki mdogo wa shujaa. Mwili umekua, mabega yamejaa, lakini wenye studio walikuwa bado wanamtaka mtoto yule wa ndovu.

Jeshini ndiko alikohesabiwa mtu mzima. Alipata uraia wa Marekani 1944, akaingia jeshi la anga, akawa mpiga bombomu katika ndege za mabomu aina ya B-24 huko Pasifiki. Aliruka safari kadhaa za vita na kurudi na nishani ya Distinguished Flying Cross.

Kwa maoni yangu kazi yake nzuri kuliko zote baada ya vita ni Black Narcissus, 1947. Anaingia kwenye darasa la watawa amevaa vito, ananukia manukato aliyoagiza dukani London, na anajivunia leso yake. Anachekesha, na papo hapo unamwonea huruma. Milima ya Himalaya mnayoiona nyuma yake ni picha zilizochorwa Uingereza, na msichana wa Kihindi anayempenda ni Jean Simmons, Mwingereza aliyepakwa rangi.

Filamu ya Kihindi Mother India wengi humu mmeiona, pengine zaidi ya mara moja. Mwongozaji wake, Mehboob Khan, alimtaka Sabu awe Birju, yule mwana mwasi. Kibali cha kazi hakikupatikana: katika nchi aliyozaliwa, sasa alikuwa mgeni. Nafasi ikaenda kwa Sunil Dutt. Sabu hakupata kucheza filamu hata moja ya Kihindi. Miaka hiyo ya 1950 alikuwa akionekana kwenye sarakasi za Ulaya, na ndovu.

Alifariki California tarehe 2 Desemba 1963, kwa moyo, akiwa na miaka 39. Filamu yake ya mwisho, A Tiger Walks ya Disney, ilitoka 1964. Humo ni Mhindi wa sarakasi, mtunza chui-milia. Haya, sasa tuwashe taa.