Muulizeni Waziwazi

Asalaam aleykum. Wazee wangu, kina mama, na nyinyi wastaafu wa jeshi mliobanana kule nyuma. Najua mmekaa huko ili muuone mlango. Kaeni papo hapo.

Lamu vita hatuvisikii redioni tu. Utekaji nyara wa Kiwayu na Manda ulitangulia jeshi letu kuingia Somalia Oktoba 2011. Januari 2020 ikashambuliwa kambi ya Manda Bay. Wanajeshi wetu waliopigana El Adde na Kulbiyow, huko Somalia, wana wake na mama zao, na hao ndio wanaonijia: mume hapati usingizi, mlango ukibamizwa anaruka, neno dogo linamtia hasira. Watu wanasema ana jini. Kisomo sikipingi, asomewe, lakini afikishwe na hospitali ya King Fahd aonwe na daktari. Kimoja hakizuii kingine.

Kinachonitia hofu zaidi ni yule anayeanza kugawa vitu vyake, au kusema, “Karibu mtapumzika, sitawasumbua tena.” Hapo usizungukezunguke. Ukimwambia, “Huna mawazo mabaya, sivyo?” umeshamfundisha jibu. Muulize: “Unafikiria kujiua?” Swali hilo halimtii wazo ambalo hakuwa nalo, wengi hushusha pumzi kwa kupata mtu wa kumwambia.

Akijibu ndiyo, usimhubirie moto wa Jahanamu. Anaujua, alisoma chuo cha Kurani kama wewe. Msikilize, usimwache peke yake, na mpeane zamu na ndugu mpaka afike kwa daktari. Silaha, vidonge, dawa ya wadudu, vyote vitoke nyumbani siku hiyohiyo. Mtasema mwenye nia atapata njia nyingine. Sivyo. Hamu ya kujiua hupanda ikashuka, pengine kwa saa chache tu. Akikosa cha kushika saa hizo, huenda akaishi. Na wengi waliowahi kujaribu wakaokolewa hawakufa kwa kujiua baadaye.

Mama mmoja ameniuliza nje kama polisi watamchukua mwanawe. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, ndiyo maana familia zikaficha wagonjwa wao. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mpelekeni mtoto hospitali.

Nanyi wa kule nyuma: mstaafu atamficha mkewe, atanificha na mimi, ila mwenzake aliyelala naye handaki moja hamdanganyi. Yupo mwenzenu ambaye siku hizi haonekani barazani. Mwendeeni leo baada ya Magharibi, wawili, si kundi zima.

Haya, nani ana swali?